Kiwiko cha Jack Marsh

Novemba 1900, mjini Sydney, ilichezwa mechi ya kuwapima vijana waliotaka nafasi kwenye timu ya kriketi ya New South Wales. Mrushaji mmoja wa kasi aliingia uwanjani mkono wake umefungwa mabanzi, kama mtu aliyevunjika mfupa. Hakuwa amevunjika popote. Siku iliyotangulia mwamuzi W. Curran alikuwa amemkatalia mipira yake, kwa madai kwamba anaitupa badala ya kuirusha. Basi kijana akaenda kwa daktari, akaomba kiwiko kifungwe mpaka kisiweze kukunjika, akarudi uwanjani na kurusha vilevile, kwa kasi ileile. Curran akajitoa kwenye mechi.

Kijana huyo ni Jack Marsh, mtu wa kabila la Bundjalung, mwenyeji asilia wa bonde la mto Clarence kaskazini mwa New South Wales. Alizaliwa miaka ya 1870 upande wa Yulgilbar, kwenye mashamba makubwa ya mifugo. Kabla ya kriketi alikuwa mkimbiaji wa kulipwa wa mbio fupi, yeye na ndugu yake Larry, enzi ambazo mbio za kulipwa zilikuwa biashara kubwa Australia na watu waliweka dau kwa wakimbiaji kama wanavyoweka kwa farasi. Miguu ile ndiyo iliyompa kasi ya kuukimbilia mstari. Habari ya mkono ndiyo iliyoleta ugomvi, na ugomvi huo ndio ninaotaka tuupekue hapa, kwa sababu kila mara kisa cha Marsh kinaposimuliwa watu huuliza swali moja tu, alitupa au hakutupa? Naona swali hilo limefunika jingine lililo zito zaidi.

Kwa msomaji ambaye mchezo wake ni mpira wa miguu, kwanza tuelewane kuhusu kosa lenyewe. Simama, nyanyua mkono wako ukiwa umenyooka, uzungushe kuanzia nyuma kupita juu ya sikio, uachie mpira ukiwa juu. Huko ndiko kurusha kwa kriketi. Sasa okota jiwe ulirushie embe lililo mtini. Utaona kiwiko chako kimekunjika kwanza, kisha kikafyatuka. Mfyatuko ule ndio kosa. Mwamuzi akiuona huita noboli, yaani mpira wa kosa: mpira hauhesabiki kwa mrushaji, wapinzani wanapata mkimbio wa bure, yaani pointi moja, na mpira unarushwa upya.

Sheria ya wakati ule ilikuwa na udhaifu ambao leo unashangaza. Haikutaja kipimo chochote. Ilisema tu kwamba mwamuzi asiporidhika kabisa kuwa mpira umerushwa kwa haki, aite kosa. Kuridhika kwa nani? Kwake mwenyewe. Mrushaji hakutakiwa kuthibitishiwa kwamba ametupa. Ilitosha mwamuzi kuwa na shaka. Na jicho la binadamu, kutoka umbali wa hatua ishirini, linaangalia mkono unaopita kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua. Mtu mwenye kifundo cha mkono chepesi, anayekikunja na kukikunjua mpira unapotoka, anaweza kuonekana ametupa hata kama kiwiko kimetulia. Mtu ambaye mkono wake haunyooki kabisa tangu kuzaliwa anaweza kuonekana hivyo hivyo.

Ndiyo maana mabanzi ya Marsh ni jambo kubwa. Huyu mtu hakupiga kelele wala hakusingizia. Aliona kwamba shtaka linahusu kiungo kimoja cha mwili, akakifunga kiungo hicho mbele ya macho ya wote, akaendelea na kazi. Mwaka 1900 hapakuwa na maabara wala kamera za kupunguza mwendo. Hapakuwa na ushahidi bora kuliko huo ambao mchezaji angeweza kuutoa. Na kwa muda mfupi ushahidi ulifanya kazi: akachaguliwa.

Mechi yake ya kwanza ya ngazi ya juu, Desemba 1900 mjini Adelaide, ilikuwa ubatizo wa moto. Clem Hill wa South Australia alipiga mikimbio 365 bila kutolewa, na warushaji wote wa New South Wales walihangaika juani. Waamuzi wa Adelaide hawakuona kosa mkononi mwa Marsh. Wiki chache baadaye timu hizo mbili zilirudiana Sydney na kisasi kikalipwa kwa hesabu ambayo hadi leo watu huisoma mara mbili: New South Wales walipiga 918, wakashinda kwa zamu nzima na mikimbio 605, yaani zamu yao moja ya kupiga ilizidi jumla ya zamu mbili za wapinzani kwa kiasi hicho. Wapigaji watano walivuka mia siku hizo na ndio waliopewa nafasi kubwa kwenye historia. Lakini kilichowaweka South Australia kwenye shimo tangu mwanzo ni urushaji, na aliyeongoza ni Marsh, wiketi 5 kwa mikimbio 34 katika zamu yao ya kwanza, maana yake aliwatoa wapigaji watano huku wakipata kwake mikimbio 34 tu.

Kati ya mechi hizo mbili, tarehe 1 Januari 1901, koloni sita ziliungana kuwa Jumuiya ya Australia. Sherehe zilifanyika Centennial Park, jirani kabisa na uwanja ule ule wa Sydney. Katiba iliyoanza kazi siku hiyo ilikuwa na kifungu cha 127, kilichoagiza kwamba wenyeji asilia wasihesabiwe katika hesabu ya watu wa Jumuiya. Kifungu hicho kilikaa mpaka kura ya maoni ya 1967. Sheria ya uchaguzi ya 1902 ikawanyima wengi wao kura ya taifa. Siweki mambo haya hapa kama mapambo. Mchezaji aliyekuwa akisubiri kujua kama ataitwa kuiwakilisha nchi alikuwa, kwa maandishi ya nchi hiyo hiyo, mtu asiyehesabika.

Tumfikie Bob Crockett. Alikuwa mwamuzi kutoka Victoria, mtu aliyeheshimiwa sana, ambaye baadaye alisimamia mechi nyingi za kimataifa kuliko waamuzi wengine wa kizazi chake. New South Wales walipocheza na Victoria mjini Melbourne aliita noboli dhidi ya Marsh. Mechi ya marudiano ilipochezwa Sydney mwanzoni mwa 1901, akamwitia noboli zaidi ya mara 15. Watazamaji wa Sydney walimzomea mwamuzi. Marsh mwenyewe, ambaye miezi mitatu nyuma alijibu shtaka kwa mabanzi na utulivu, safari hii uvumilivu ulimwishia: mipira kadhaa aliitupa makusudi, wazi kabisa, kwa hasira.

Hapo nasimama kidogo, kwa sababu ni mahali ambapo kisa hiki huwa kinapotoshwa pande zote mbili. Wanaomtetea Marsh hupenda kuiruka mipira ile. Wanaomlaumu huishikilia kama kukiri kosa. Mimi naiona kama maneno ya mtu ambaye hana tena lugha nyingine. Ukishafunga mkono kwa mbao ukaonyesha, na mwamuzi wa pili akaanza upya kana kwamba hujaonyesha chochote, unabakiwa na nini cha kusema? Anasema: kutupa ni huku, tazama tofauti. Lakini ni kweli pia kwamba kwa kitendo hicho alimpa kila aliyemtilia shaka kisingizio cha kuacha kufikiri. Kilimgharimu.

Sasa tumpe Crockett haki yake, maana bila hivyo uchambuzi unageuka kuwa matusi. Miaka ile kriketi yote ilikuwa katika msako wa watupaji. Aliyeuanzisha kwa nguvu ni mwamuzi Jim Phillips, Mwaustralia aliyefanya kazi pande zote mbili za dunia. Januari 1898, Melbourne, alimwita Ernie Jones, mrushaji wa kasi wa Australia, kwa kutupa, na Jones akawa mrushaji wa kwanza kuitwa hivyo katika mechi ya kimataifa. Mwaka huo huo Uingereza aliitwa C. B. Fry, bwana msomi wa Oxford. Desemba 1900, manahodha wa timu za kaunti za Uingereza walikutana uwanja wa Lord's, London, wakakubaliana kuwaweka kando warushaji wenye shaka, na wa kwanza kwenye midomo ya watu alikuwa Arthur Mold wa Lancashire. Julai 1901 Phillips alimwita Mold mara 16 katika mechi moja pale Old Trafford, uwanja wa kriketi wa Manchester. Wote hao ni Wazungu. Kwa hiyo mtu akisema Marsh aliitwa kwa sababu ya rangi tu, hoja yake haijakamilika. Mwamuzi yeyote wa 1901 aliyekaza macho kwenye viwiko alikuwa akifanya kile ambacho wakubwa wa mchezo walikuwa wakikisifu.

Lakini uzito wa kisa hauko kwenye kuitwa. Uko kwenye kilichofuata baada ya kuitwa, na hapo njia zinaachana.

Jones, baada ya kuitwa mbele ya dunia nzima, alibaki kwenye timu ya taifa. Mwaka 1899 alisafiri na Australia kwenda Uingereza na alikuwa silaha yao kuu huko. Aliendelea kucheza mechi za kimataifa mpaka 1902. Hakuna aliyemfungia mlango. Aliachwa arekebishe, aendelee, ahukumiwe kwa wiketi zake. Halafu yuko Jack Saunders, mrushaji wa mkono wa kushoto kutoka Victoria, nyumbani kwa Crockett. Mkono wa Saunders ulinong'onwa miaka yote aliyocheza. Alianza kuichezea Australia Februari 1902 na akamaliza na mechi 14 na wiketi 79. Ndiye aliyemtoa Fred Tate, mpigaji wa mwisho wa Uingereza, pale Old Trafford mwaka 1902, Australia ikashinda kwa mikimbio 3, moja ya siku zinazokumbukwa sana katika mchezo huu.

Marsh hakupewa njia ya Jones. Hakuna aliyekaa naye mazoezini kuangalia kiwiko. Hakuna kamati iliyotaka kuyaona tena yale mabanzi. Baada ya msimu ule alichezea New South Wales mara mbili tu, zote dhidi ya Queensland, na mlango ukafungwa taratibu bila mtu kutangaza kwamba umefungwa. Jumla ya kazi yake ya ngazi ya juu ni mechi 6. Katika mechi hizo 6 ana wiketi 34 kwa wastani wa mikimbio 21.47 kwa kila wiketi. Tukumbuke mojawapo ni ile ambayo Hill alipiga 365. Ni wastani ambao mrushaji yeyote wa zama zile angeupokea kwa mikono miwili.

Nina mambo mawili ambayo kwangu ndiyo yanayoamua kesi, na yote yametokea mji mmoja, Bathurst, magharibi mwa Sydney.

La kwanza ni la 1902. Timu ya Uingereza iliyoongozwa na Archie MacLaren ilikuwa Australia, na ilipangiwa mechi Bathurst ambako Marsh alitarajiwa kurusha. MacLaren akakataa. Alisema mkono wa Marsh una shaka, hatamkabili. Marsh akaondolewa. Msomaji akisoma haraka ataona ni nahodha anayelinda sheria. Ila MacLaren huyu alikuwa nahodha wa Lancashire. Arthur Mold, mrushaji aliyesemwa kuliko wote Uingereza, alikuwa mrushaji wake. Julai 1901, siku Phillips anamwita Mold mara 16, bado Mold alikuwa amevaa jezi ya Lancashire. Haijapita hata mwaka, nahodha wa Mold anasafiri upande wa pili wa dunia na kugundua kwamba hawezi kuvumilia kiwiko chenye shaka. Na miezi michache baada ya Bathurst, akiwa nahodha wa Uingereza pale Old Trafford, yuleyule MacLaren akacheza dhidi ya Saunders mpaka mpira wa mwisho.

Hapa siwezi kuzunguka. Mtu mwenye kanuni huwa nayo kila mahali. MacLaren alikuwa na kanuni ya Bathurst tu.

La pili ni la msimu wa 1903–04. Safari hii Waingereza walikuja chini ya Pelham Warner, na Warner hakuweka pingamizi. Marsh akarusha Bathurst, akachukua wiketi 5 kwa mikimbio 55 dhidi ya watu waliokuwa njiani kushinda mfululizo wa mechi za kimataifa dhidi ya Australia. Hakurusha kwa kasi peke yake. Aliupinda mpira hewani, akaufanya ubadilike ukigusa ardhi, akachanganya na ule wa taratibu. Waingereza waliondoka wakimsifu kama mmoja wa warushaji bora waliowahi kuwakabili.

Wakati huohuo Australia ilikuwa na pengo. Jones alikuwa amekwisha. Timu ya taifa ilihitaji mrushaji wa kasi, na ilikuwa imepoteza mechi mbili kati ya tatu za kwanza. Kwa mechi ya nne, pale Sydney, wachaguzi walimwita kijana wa miaka 20, Tibby Cotter, mwenye kasi kubwa na mkono wa kufyatua kama kombeo. Cotter aligeuka kuwa mrushaji mkubwa kweli, sina neno juu yake. Aliichezea Australia mechi 21 kabla ya kuuawa vitani Beersheba mwaka 1917. Na mtu anaweza kusema Marsh wakati huo alikuwa anakaribia miaka 30, wachaguzi walitazama mbele. Sawa. Ila hata kwenye timu ya New South Wales, ambako umri wa miaka 30 haukuwahi kumzuia mtu, hakurudi. Warren Bardsley, aliyekulia katika kriketi hiyohiyo ya Sydney na baadaye akawa mmoja wa wapigaji wakubwa wa Australia, aliamini kwamba kilichomzuia Marsh ni rangi yake. Hayo ni maneno ya mtu wa ndani ya chumba cha kuvalia.

Na Marsh hakuwa peke yake. Mwaka 1902 mjini Brisbane alicheza dhidi ya Albert Henry, mrushaji wa kasi wa Queensland, naye mwenyeji asilia. Ninapofikiria kriketi ya zama zile, mechi hiyo ndiyo ningetamani kuiona kwa macho kuliko zile za kimataifa: huku Marsh, kule Henry, kila mmoja ndiye moto wa timu yake. Mwaka 1904 Henry naye aliitwa kwa kutupa katika mechi ya klabu, akamjia juu mwamuzi, akafungiwa. Kisha sheria ya Queensland iliyoitwa ya ulinzi ikamshika. Sheria hiyo iliipa serikali uwezo wa kumhamisha mwenyeji asilia kutoka mahali hadi mahali bila hiari yake. Akapelekwa Barambah, makazi waliyowekwa wenyeji asilia, akapelekwa Yarrabah mbali kaskazini, na mwaka 1909 akafa kwa kifua kikuu, hajafika miaka 30.

Kizazi kimoja baadaye alikuja Eddie Gilbert, kutoka makazi hayohayo ya Barambah. Novemba 1931, Brisbane, alimtoa Don Bradman, mpigaji anayehesabiwa bora kuliko wote, bila mkimbio hata mmoja, na Bradman mwenyewe alikiri kwamba kasi ya siku ile ilikuwa ya kutisha. Mwezi uliofuata, Melbourne, mwamuzi Andrew Barlow akamwita kwa kutupa, tena na tena. Gilbert alihitaji kibali cha serikali hata kutoka kwenye makazi yake kwenda kucheza. Warushaji watatu, majimbo mawili, miaka thelathini, na kila mmoja aliishia kwenye kiwiko.

Inawezekana ipo sababu ya kimwili katikati ya hayo. Watu hawa walijifunza kurusha wenyewe, bila walimu wa klabu za matajiri, na nguvu zao zilikaa kwenye kifundo cha mkono. Mkono wa namna hiyo humchanganya mwamuzi aliyezoea mtindo wa kufundishwa. Nakubali. Basi hiyo ilikuwa sababu ya kupima, na kipimo kilikuwa kimeshaletwa Novemba 1900 kwa gharama ya mshitakiwa mwenyewe.

Desemba 1995, Melbourne, mwamuzi Darrell Hair alimwita Muttiah Muralitharan wa Sri Lanka mara 7 kwa kutupa. Bodi ya nchi yake haikumwacha. Alipelekwa maabara, akapimwa, ikaonekana mkono wake haunyooki kabisa kwa maumbile. Mwaka 2004 alivaa gango gumu kwenye kiwiko mbele ya kamera za televisheni akarusha mipira yake yote kama kawaida, na wengi waliona ni jambo jipya kabisa. Mwaka uliofuata sheria ikapata hatimaye namba yake: kiwiko kinaruhusiwa kunyooka hadi nyuzi 15, kwa sababu vipimo vilionyesha karibu kila mrushaji duniani hunyoosha kiwiko kidogo. Muralitharan alistaafu na wiketi 800 katika mechi za Test, zile za kimataifa za siku nyingi, ambazo hakuna aliyezifikia. Tofauti ya mtu huyu na Marsh haiko kwenye mabanzi. Iko kwenye nani alikuwa amesimama nyuma yake alipoyavaa.

Mchezaji wa kwanza wa kiume anayetambuliwa kuwa na asili ya wenyeji wa Australia kuichezea nchi hiyo mechi za kimataifa alikuwa Jason Gillespie, mrushaji wa kasi. Ilikuwa 1996, miaka 96 baada ya mechi ile ya Novemba.

Jack Marsh alifariki tarehe 25 Mei 1916 mjini Orange, mwendo mfupi kutoka Bathurst, baada ya kupigwa nje ya chumba cha biliadi. Wanaume wawili walishitakiwa kwa kuua bila kukusudia. Baraza la wazee wa mahakama halikutoka hata kwenda kushauriana. Liliwaachia huru likiwa limekaa vitini.